Dawa za kushusha kinga zikikutana mwilini: maswali yanayorudi kila siku hapa kaunta Malindi

Maswali ni yale yale, awe mtu katoka Mambrui au kashuka basi la Lamu asubuhi, na kumjibu kila mmoja dirishani huku foleni imefika barazani haiwezekani, ndo maana nimeyaweka hapa. Mimi niko upande wa dawa, si daktari wa viungo wala wa figo, kwa hivyo dozi yako ni ya aliyekuandikia. Ila kuna vitu yeye havioni, kama ile sindano uliyodungwa mtaani wiki jana, na hivyo ndivyo vinavyonikera mpaka nikakaa kuandika.

Dawa za kushusha kinga ndio zipi? Mimi nakunywa za viungo tu.

Ndizo hizo hizo. Baridi yabisi, lupasi, soriasisi, utumbo mpana unaovimba na kutoa damu, figo ya kupandikizwa, yote haya yanatibiwa kwa kuituliza kinga ya mwili kwa sababu hapo kinga ndiyo inayoleta fujo. Kwenye pakiti utaona prednisoloni, methotreksati, azathioprini, mikofenoleti, leflunomaidi, siklosporini, takrolimasi. Kuna za sindano za bei ya kukatisha tamaa, infliksimabu, adalimumabu, etanasepti, rituksimabu, hizi watu wanaziita bayolojiki. Na kuna tembe mpya mpya kama tofasitinibu. Haidroksiklorokwini mara nyingi inatembea na hizi lakini yenyewe haijulikani kwa kuleta maambukizi, usiihesabu kwa hofu ile ile. Salfasalazini nayo ni ya upole ukilinganisha na wenzake, ingawa kuna watu wachache inawaangushia chembe nyeupe za damu, ndo maana hupimwa damu.

Kwa hivyo nikiwa na mbili, hatari ni mara mbili?

Hapana, hesabu yake haiendi hivyo. Inategemea ni zipi, dozi gani, na ni nani anayekunywa. Methotreksati na haidroksiklorokwini ni mbili, na wengi wanaishi nazo miaka bila vituko. Methotreksati na prednisoloni ya 30 mg nazo ni mbili, lakini hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kila dawa ina mahali inapopiga. Azathioprini na mikofenoleti zinazuia chembe nyeupe kuzaana. Rituksimabu inafuta zile chembe ambazo zingezaa watengenezaji wa kingamwili, na zinakaa zimefutika miezi 6 au zaidi hata kama ulidungwa ukasahau. Infliksimabu na wenzake zinabomoa ukuta ambao mwili umeujenga kuizingira TB iliyolala. Prednisoloni inapiga karibu kila kitu na juu yake inaficha homa. Sasa ukizikutanisha mbili zinazopiga mahali tofauti, mdudu ambaye angekwama kwa huyu anapita, na kwa yule pia anapita.

Halafu ongeza mtu mwenyewe. Mzee wa miaka 70 mwenye sukari na figo iliyochoka, akiwa na dawa moja tu, anaweza kuwa hatarini kuliko kijana wa miaka 25 mwenye tatu.

Mbona basi daktari kanichanganyia mwenyewe? Hajui?

Anajua, tena sana. Mara nyingi anachanganya ili aipunguze prednisoloni, yaani dawa ya pili inakuja ibebe kazi ndipo hiyo prednisoloni, ambayo ni ya ukoo wa steroidi, ishuke mpaka 5 mg au itoke kabisa. Na aliyepandikizwa figo kwa kawaida anabaki na tatu, takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni, maana bila hivyo mwili utaitupa figo. Ugonjwa ulioachwa nao unaua, na lupasi inayowaka yenyewe inaongeza maambukizi. Mchanganyiko uliopangwa na wenye vipimo vya damu sina ugomvi nao. Ninaougombania ni ule ambao hakuna aliyeupanga.

Katika zote, ipi ya kuogopa zaidi?

Hapa watu wananishangaa. Wanaogopa methotreksati kwa sababu wamesikia ni ya kansa, wanaogopa sindano ya bayolojiki kwa sababu ya bei, lakini prednisoloni wanaitafuna kama njugu kwa kuwa ni ya bei poa na inatuliza haraka. Kumbe katika michanganyiko mingi yenye shida, ukiangalia vizuri, yeye ndiye kiongozi wa msafara. Madaktari wengi wanachukulia 20 mg kwa siku, ukizidisha wiki 2, kuwa kiwango cha kushusha kinga waziwazi. Ukifika wiki 4 kwa dozi hiyo na una dawa nyingine juu yake, watafikiria hata kukupa kinga ya nimonia ya fangasi inayoitwa nimosistisi. Dozi ndogo ya 5 mg ni afadhali mbali sana, ingawa kwa mtu mzima wa umri hatari yake si sufuri.

Mimi situmii steroidi kabisa. Hilo halinihusu, au?

Subiri kwanza. Hapa nitakaa kidogo.

Steroidi ina majina mengi. Deksamethasoni ni steroidi na ina nguvu kuliko prednisoloni, 0.75 mg yake ni sawa na 5 mg ya prednisoloni, sasa piga hesabu tembe ya 4 mg, hiyo imepita 25 mg. Betamethasoni, haidrokotisoni, triamsinoloni, methilprednisoloni, ukoo mmoja.

Inaingilia wapi? Kwanza kwa maumivu ya viungo. Watu wa Lamu mnaikumbuka chikungunya ya 2004, utafiti wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kama robo tatu ya watu wa kisiwa waliambukizwa, na ugonjwa ule kwa baadhi ya watu unaacha viungo vinauma miezi na hata miaka. Mtu akiumwa namna hiyo anaambiwa na jirani kuna vidonge vidogo vyeupe vya ajabu, ananunua kumi kumi bila pakiti, anapona kwa siku tatu, anarudi. Miaka inakatika. Siku akienda kwa daktari wa viungo akaandikiwa methotreksati, hasemi kuhusu vile vidonge maana kwake vile si dawa ya hospitali, ni vya kutuliza tu.

Pili, vidonge vya kunenepa. Dada zetu mnanielewa, vile vya kuongeza mwili kabla ya harusi, vingi ni deksamethasoni imechanganywa na siproheptadini. Ule uso unaojaa mkauita afya ndio dalili yenyewe.

Tatu, dawa za asili zinazoponya ndani ya saa moja. Mimi sina neno na mitishamba kwa jumla, bibi zetu wametulea nayo, lakini unga usio na jina unaomnyanyua mgonjwa wa baridi yabisi kitandani jioni ile ile, nauliza tu, umewekwa nini ndani? Unga na vidonge vya kuchanganyiwa steroidi kimya kimya vimekamatwa katika nchi nyingi.

Nne, sindano ya goti au ya mgongo. Steroidi ikidungwa kwenye kiungo, sehemu yake inavuja kwenye damu kwa siku au wiki kadhaa. Moja si kitu, lakini ihesabiwe.

Tano, krimu za kujichubua zenye klobetasoli, ukizipaka mwili mzima kila siku zinaingia. Na ukipaka juu ya choa, choa inabadilika sura na kutambaa mpaka daktari haitambui.

Na sita, hii wengi hawaijui, kama uko kwenye ARV zenye ritonaviri au kobisistati, hizo zinazuia ini kuisafisha steroidi, hivyo hata dawa ya pumu ya kuvuta yenye flutikasoni au sindano moja ya triamsinoloni inaweza kujikusanya mwilini kama uliyekunywa vidonge vingi. Doluteguraviri haina hiyo tabia. Wewe usiache chochote, mwambie tu anayekuandikia kwamba uko kwenye ARV gani, hata kama unaona haya.

Kwa hivyo ukienda kliniki tia kila kitu kwenye mfuko mmoja, chupa, karatasi, unga, krimu, na uumwage mezani. Usichague cha kuonyesha. Na kama umekuwa ukinywa vile vidonge vyeupe miezi, usivikatize ghafla leo kwa hofu ya haya uliyosoma, nitaeleza mbele kwa nini.

Nina methotreksati na nimepata kikohozi, nipatie Septrin.

Sikupi. Na kama duka la pili watakupa, rudisha.

Hili nalirudia kwa sababu hii antibayotiki ya Septrin iko kila nyumba pwani hii, mtoto akiharisha Septrin, kikohozi Septrin, mkojo ukichoma Septrin. Methotreksati inazuia mwili kutumia foleti, vitamini ya kutengenezea damu, na Septrin nayo inazuia foleti kwa mlango mwingine, tena inaifanya methotreksati ichelewe kutoka kwenye figo. Zikikutana uboho wa ndani ya mifupa unaweza kusimama kutengeneza damu. Chembe nyeupe zinaanguka, mdomo unajaa vidonda, fizi zinatoka damu, homa inapanda, na hapo sasa maambukizi madogo yanakuwa makubwa. Watu wamekufa kwa mchanganyiko huu, na wengine walikuwa kwenye dozi ndogo tu ya viungo. Wako wagonjwa ambao mtaalamu anawapa Septrin kidogo kidogo kuwakinga na nimosistisi wakiwa kwenye methotreksati, lakini hao wanapimwa damu na kuna mtu anawafuatilia, haifanani na wewe kununua dirishani.

Na ilhali tuko hapo: methotreksati ya viungo ni mara moja KWA WIKI. Si kila siku. Chagua siku, Jumatatu au Alhamisi, waambie watu wa nyumbani, na foliki asidi uinywe siku uliyoambiwa. Anayeinywa kila siku kwa kutoelewa lebo anaweza kufika ICU ndani ya wiki moja au mbili.

Kuna dawa nyingine zisizoshusha kinga lakini zikazipandisha hizi?

Zipo, na ndizo zinazotuponyoka. Alopurinoli ya gauti ikikutana na azathioprini inazuia njia ya kuivunja, azathioprini inarundikana na uboho unaumia. Kama lazima ziwe pamoja basi azathioprini inashushwa hadi karibu robo ya dozi, na hilo ni la daktari.

Mwenye takrolimasi au siklosporini aogope klarithromaisini, erithromaisini, flukonazoli na ketokonazoli, zote zinapandisha kiwango cha dawa kwenye damu. Flukonazoli hasa, maana utando mweupe mdomoni ukitokea ndiyo ya kwanza mtu kuikimbilia. Rifampisini ya TB inafanya kinyume, inaishusha takrolimasi na hata prednisoloni, figo ya kupandikizwa inaweza kukataliwa mgonjwa akiwa anakunywa dawa zake zote sawasawa.

Na balungi. Ndiyo, hilo hilo tunda. Balungi na juisi yake linapandisha takrolimasi na siklosporini. Machungwa ya kawaida, embe, nanasi hayana shida hiyo.

Nimeambiwa nipimwe TB kabla ya sindano na mimi sikohoi. Ni kutafutana pesa?

Hapana. Kenya tuko kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB, na watu wengi wameivuta zamani ikalala bila kuwasumbua. Mwili unaizungushia ukuta wa chembe, na ule ukuta unasimama kwa msaada wa kitu kinaitwa TNF. Infliksimabu, adalimumabu, etanasepti na wenzake zinaizuia hiyo hiyo TNF. Ukuta ukilegea TB inaamka, tena mara nyingi inaamka vibaya, nje ya mapafu, kwenye tezi, utando wa tumbo, uti wa mgongo, kwa hivyo ukisubiri kikohozi utasubiri sana. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, ndizo za kuangalia.

Kipimo ni cha ngozi au cha damu pamoja na eksirei ya kifua. Kifanywe mapema, kwa sababu prednisoloni ya dozi kubwa inaweza kukifanya kipimo cha ngozi kiseme huna na wewe unayo. Ikionekana imelala unapewa dawa ya kukinga, isoniazidi miezi 6 ndiyo ya kawaida, au ile ya mara moja kwa wiki kwa wiki 12 yenye rifapentini, ingawa rifapentini ni ndugu wa rifampisini, aliye na takrolimasi aseme. Mara nyingi sindano inaanzishwa baada ya angalau mwezi mmoja wa dawa ya kukinga, si lazima uzimalize zote.

Na homa ya ini B inahusiana vipi?

Virusi vyake vinaweza kubaki ndani ya ini miaka bila dalili. Rituksimabu ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuviamsha, mpaka Marekani mwaka 2013 wakaiwekea onyo la ngazi ya juu kabisa. Prednisoloni nyingi na sindano za kuzuia TNF nazo zinaweza. Pima damu kabla, na waombe waangalie pia kama uliwahi kuwa nayo zamani, si tu kama unayo sasa. Pima na HIV siku hiyo hiyo umalize.

Ami yangu anatembea pekupeku shambani, kaanzishwa prednisoloni, nikasikia kuna habari ya minyoo.

Umesikia sawa. Kuna mnyoo mdogo unaitwa strongiloidi, anaingia kwa ngozi ya mguu kutoka kwenye udongo wenye unyevu na kinyesi, na tofauti yake na minyoo mingine ni kwamba anaweza kujizalisha ndani ya mwili wa mtu mmoja miaka na miaka. Kinga ikiwa sawa utaona labda mwasho na tumbo la hapa na pale. Steroidi ikiingia wanazaana bila breki, wanatoboa utumbo wakielekea mapafu na ubongo, na wanabeba bakteria wa tumboni nao. Wengi wa wanaofikia hapo hawaponi. Dawa yake ni ivermektini, albendazoli ya kawaida tunayogawa kwa minyoo haitoshi vizuri kwa huyu. Mkulima, mvuvi anayevuta jarife ufukweni, mtu yeyote aliyekulia kwenye mchanga, aulizie kabla ya kupanda dozi. Na avae ndara jamani, bei yake si kitu.

Nikipata homa nifanyeje?

Joto la 38 kwenda juu ukiwa kwenye mchanganyiko wa dawa hizi, unaonwa siku hiyo hiyo. Si kesho, si baada ya Panadol mbili kuona kama itashuka. Na kama uko kwenye prednisoloni kumbuka homa inaweza isipande kabisa, kwa hivyo baridi ya kutetemeka, kuchanganyikiwa, pumzi fupi, mapigo ya moyo kwenda mbio, hizo zichukulie kuwa homa hata kipimajoto kikisema 37.

Pima malaria ndiyo, pwani hii hakuna anayekuambia usipime. Shida ni kusimama hapo. Kipimo kikitoka chanya haimaanishi huna nimonia pia, na kikitoka hasi watu wanaambiwa ni uchovu. Sema kwa mdomo wako, "mimi nakunywa dawa za kushusha kinga", taja majina, omba hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Wale wa haidroksiklorokwini mnaoniuliza kama inawakinga na malaria kwa kuwa ni ndugu wa klorokwini, hapana, vimelea vya huku viliizoea klorokwini zamani.

Kwa mliopo visiwani, Pate, Faza, Kizingitini, Kiwayu, msifikirie habari ya boti saa nane za usiku wakati mtu ameshazidiwa. Upepo wa kusi mnaujua nyinyi kuliko mimi. Homa ikianza alasiri, vuka alasiri, mlale Amu, yaani Lamu mjini, karibu na hospitali ya King Fahd hata ikionekana mmeharakisha. Na pawe na karatasi yenye orodha ya dawa na namba ya daktari, mtu wa boti asomewe tu.

Nikiugua nisimamishe dawa zote?

Si zote, na hapa kukosea kunaumiza. Methotreksati, azathioprini na za sindano, mara nyingi daktari atasema ruka mpaka umalize antibayotiki na upate nafuu, piga simu uulize. Prednisoloni usisimamishe ghafla. Ukiinywa zaidi ya wiki chache tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe zinalala, na siku ya ugonjwa ndiyo siku mwili unaihitaji zaidi, ukikatiza presha inaanguka na mtu anazimia, anaweza kufa kwa hilo wala si kwa maambukizi. Wengine huongezewa kwa siku za ugonjwa. Ukitapika hata tembe haikai, hiyo ni hospitali, udungwe. Aliyepandikizwa figo asiguse chochote bila kliniki yake.

Naweza kupewa bayolojiki mbili kwa pamoja nipone haraka?

Hapana. Ilijaribiwa kwa baridi yabisi, etanasepti pamoja na anakinra, faida haikuongezeka ila maambukizi makali yakaongezeka. Pia kumbuka kubadilisha si kuacha: leflunomaidi inakaa mwilini miezi mingi, rituksimabu nusu mwaka. Ukianzishwa mpya wiki inayofuata bado uko na mbili.

Mkanda wa jeshi unanirudia, ni dawa?

Inawezekana sana. Tofasitinibu na jamii yake zinajulikana kwa hilo, na prednisoloni ikiwa pembeni ndo zaidi. Ukiona malengelenge upande mmoja na moto chini ya ngozi, asikloviri ianze ndani ya siku 3. Likiwa karibu na jicho nenda saa hiyo. Na kama hujawahi kuugua tetekuwanga na mtoto wa nyumbani kaipata, usisubiri vipele vyako, nenda mapema.

Chanjo je? Naenda Umra.

Chanjo zenye kirusi au bakteria hai aliyedhoofishwa hazikufai ukiwa kwenye mchanganyiko: homa ya manjano, surua, BCG, polio ya matone. Zisizo hai ni sawa, na ya homa ya uti wa mgongo inayodaiwa na Saudia haina mdudu hai, dungwa bila wasiwasi. Pia ya homa ya mafua na ya nimokoka, bakteria wa nimonia, zinakufaa. Wakidai cheti cha homa ya manjano omba barua ya daktari ya kukusamehe, usidungwe ili upate cheti. Anayesubiri rituksimabu amalize chanjo angalau wiki 4 kabla, baada ya hapo mwili haujibu. Watoto wa nyumbani wachanjwe kama kawaida, wewe tu ukimbadilisha nepi aliyepewa matone ya polio au ya rota uoshe mikono vizuri, au mwachie mwingine.

Na Ramadhani?

Prednisoloni ya mara moja kwa siku inahamia daku na chakula, methotreksati ni ya wiki, inywe usiku. Tatizo ni takrolimasi ya kila saa 12, kwa sababu huku kwetu tunafunga zaidi ya saa 13, haingii. Kuna aina ya mara moja kwa siku lakini haibadilishwi kiholela, kipimo cha damu kinahitajika, kwa hivyo ongea na kliniki Shaabani, usije mwezi umeandama. Ukiwa na homa au unaharisha, fungua. Mashekhe wote niliowasikia hawana mjadala katika hilo.

Nile nini, nisile nini?

Sitawaandikia orodha ya kuwaharibia maisha. Chaza wabichi hapana, maji ya bahari ya joto yana bakteria anayeitwa vibrio anayeweza kuua mtu wa kinga ndogo kwa siku mbili. Maziwa mabichi, ya ng'ombe na ya ngamia, yachemke, kuna bakteria wa brusela na listeria humo. Maji ya kisima na ya jabia yachemshwe hata kama babu aliyanywa mpaka miaka 90. Achari, viazi karai, mahamri moto moto, endelea. Samaki wa kupaka aive hadi mfupani. Barafu ya juisi ya barabarani mimi ningeiacha.

Mimi ni mvuvi, nilichomwa na mwiba wa samaki taa na mkono umevimba.

Usisugue na chumvi ukarudi baharini. Osha kwa maji safi mengi na uje siku hiyo, na useme ni kidonda cha bahari, maana antibayotiki za vibrio si zile za kidonda cha nchi kavu, na uangaliwe pepopunda. Kama baada ya wiki kadhaa kuna kijinundu kisichopona kinachopanda na mkono, sema pia, kuna bakteria wa bahari wa ukoo wa TB anayefanya hivyo taratibu.

Maulidi ya Lamu niende?

Nenda. Vaa barakoa ndani ya umati, kaa barazani kwenye upepo, na ukiona jirani anakohoa sogea bila kumwonea haya.

Daktari wa meno anahitaji kujua?

Ndiyo, kabla hajang'oa. Jino lililooza ni shimo la bakteria, litibiwe mapema hasa kabla ya kuanza bayolojiki.

Na paka? Lamu bila paka haiwezekani.

Wala sijasema uwafukuze. Kinyesi chao asafishe mwingine, au vaa glavu, kuna kimelea kiitwacho toksoplasma humo. Ukilima bustani glavu pia. Akikukwaruza osha kwa sabuni papo hapo, na kama tezi ya kwapa itavimba wiki zinazofuata, mwambie daktari kuhusu paka kabla hajakuuliza.